Waliichoma pete yangu ya uchumba, kisha wakaniambia jiwe ni chupa

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haikupoa, basi naandika nayo.

Ilikuwa wiki chache kabla ya dot yetu, yaani siku ya mahari, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Duka sitalitaja. Wanaopita barabara ya Lumumba kuelekea Nyawera wanawajua masonara wa upande ule, na wengine ni watu wema, sitaki wabebe mzigo wa mwenzao. Nilipeleka pete ya uchumba isafishwe. Kusafishwa tu, basi.

Pete ni ya dhahabu ya karati 18, ina muhuri wa 750 kwa ndani, na juu ina jiwe moja la turmalini, waridi lenye kijani kidogo ukingoni. Jiwe lilitoka Numbi, kule Kalehe. Baba mkwe wangu, ambaye sikujaliwa kumwona, alilinunua zamani akaliacha, na mama mkwe akalitunza ndani ya fundo la kitenge. Amehama nyumba, amekimbia vita, fundo liko naye. Siku mwanawe alipomwambia amepata mtu, akalifungua. Ukiniuliza pete ile ni dola ngapi, sina jibu la kukupa.

Ilikuwa imefifia. Nyumbani mimi ndiye mpishi, na mafuta ya kukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, unga wa bugali na mafuta ya kupaka mwilini vyote huingia chini ya jiwe na kuganda. Watu tunasugua juu, kumbe uchafu unaolizima jiwe uko nyuma yake, mahali mwanga unapoingia na kurudi. Na turmalini ina tabia yake: ikipata joto inajijaza umeme kidogo na kuvuta vumbi. Waholanzi wa zamani waliitumia kuvutia majivu kwenye kiko. Mimi hayo nimeyasoma baadaye, lakini kwa macho nilikuwa nimekwisha kuyaona. Kiangazi nilikuwa naivua na kuiweka dirishani juani, jioni naikuta imeshika vumbi kuliko kikombe kilichokaa kando yake.

Basi nikafika dukani. Kijana aliyevaa aproni akaipokea pete, akaigeuza mara moja. Sasa mniangalie hapa vizuri, maana neno langu lote ni hili: hakuuliza ni jiwe gani. Hakuuliza. Alilitumbukiza kwenye kile kisanduku cha mashine kinachotetemesha maji, kikanguruma dakika kadhaa, akaitoa, akaipuliza, akaitazama tena, akaniambia grifu moja imelegea. Grifu ni vile vimeno vinavyoshika jiwe. Nikasema sawa, nitamwambia mchumba wangu tuone. Yeye alikuwa tayari ameshawasha shalumo, ile bomba ya moto ya masonara.

Nikamwuliza, “Na jiwe je?”

“Hakuna shida, mama. Njo kazi yetu.”

Moto ukapita pembeni ya jiwe. Niliona waridi ya jiwe inapotea ndani ya ule mwanga wa moto na nikashika ukingo wa meza. Alipomaliza akaibana pete kwa koleo na kuizamisha kwenye kikombe cha maji baridi. Tss. Sauti fupi tu. Mpaka leo nikizima sufuria ya moto chini ya bomba nikaisikia, mikono inasimama.

Alinirudishia pete imefutwa vizuri. Na hapa lazima niseme haki: dhahabu ilikuwa inang'aa kuliko siku niliyovishwa. Ndani, nje, hata mikwaruzo midogo ya kubeba ndoo ilikuwa imeondoka. Kama ningekuwa napima kazi ya kung'arisha dhahabu peke yake, ningewaambia nendeni pale bila wasiwasi. Yule kijana ana mkono.

Ila ndani ya jiwe kulikuwa na ufa. Mwembamba kama unywele, umeanzia karibu na ile grifu aliyoichoma, umeelekea katikati. Ukiigeuza pete kwenye mwanga unawaka mweupe.

Nikamwonyesha. Akatazama haraka haraka.

“Mama, ulikuya nayo hivi hivi.”

Nikamwambia hapana, jiwe hili nalijua, nimelitazama kila usiku tangu nivishwe. Ndipo akasema lile neno. “Na tena hii haiko diama. Iko chupa tu.” Yaani si almasi, ni kioo. Wenzake wawili wakacheka. Mwenye duka, mtu mzima, aliyekuwa kwenye kiti nyuma ya kabati la vioo, hakuinua macho kwenye simu yake. Alisema, “Dada, lipa tano, tuko na watu.”

Chupa! Kitu ambacho mjane amekilalia miaka yote ile kiwe chupa! Na hata kingekuwa chupa kweli, nani amekutuma uchome chupa ya watu? Mtu akileta chupa yake umwoshee, mwoshee chupa yake. Nililipa ile tano. Dola tano nilizipata kwa kushona, nikaziweka pale juu ya kabati, nikatoka, na mpaka nafika Feu Rouge nilikuwa sijui kama natembea au nabebwa. Katika yote, kulipa ndiko kunakoniuma zaidi.

Siku mbili sikumwambia mtu. Ya tatu, yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, akaniona naificha mikono mezani, akanichukua mpaka Kadutu, kwa mzee mmoja anayefanya kazi ya usonara kwenye chumba kidogo karibu na soko. Hana mashine, hana kabati la vioo. Ana meza, taa, na lupa, kile kioo cha kukuzia, iliyofungwa kwa uzi. Kabla hajaishika pete alikunja mikono na kuniuliza:

“Binti yangu, jiwe hili lilitoka wapi?”

Nililia pale pale. Yaya akawa ananiombea radhi kwa mzee, mzee akasema mwache alie, pete si kitu kidogo.

Aliitazama muda mrefu. Akanipa lupa na mimi. Akanionyesha jiwe likigeuzwa huku rangi inakolea, huku inapungua. Akanionyesha mistari ya kingo za nyuma, ukiitazama kupitia juu inaonekana miwili miwili kama macho ya mtu mwenye homa. Chupa, akasema, haina mambo hayo, chupa ina mstari mmoja na rangi moja. Nimeona kwa macho yangu. Jiwe la baba mkwe ni jiwe.

Kuhusu ufa hakunidanganya. Hautaondoka. Turmalini haipendi kushtuliwa na joto, tena huwa na vitone vya maji au hewa vilivyofungiwa ndani tangu ardhini, na vikipanuka vinapasua. Fundi anayejua huling'oa jiwe kwanza ndipo awashe moto. Almasi huvumilia kidogo ikipakwa dawa yake, hili halivumilii. Hata ile mashine ya kutetemesha hairuhusiwi kwa jiwe hili. Ila ufa haujafika upande wa pili, na nikilitunza linaweza kunizika. Ndivyo alivyosema.

Kisha akaiosha mbele yangu. Bakuli la maji ya vuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto, na tone la sabuni ya vyombo. Akaiacha ilowe wakati tunaongea habari za mvua na bei ya makaa. Halafu mswaki laini wa mtoto, akaanzia nyuma ya jiwe, polepole, akipita katikati ya grifu. Maji yakabadilika rangi. Akaisuuza kwenye bakuli jingine, si kwenye lavabo, yaani sinki, kwa sababu amewatafutia watu wengi pete kwenye mabomba ya taka. Kitambaa cha pamba, basi. Akanikataza maji ya javeli, yale ya kuondolea madoa, maana yanakula shaba na fedha iliyochanganywa na dhahabu, na pete hukatika siku usiyotegemea. Akanikataza dawa ya meno, ambayo ndiyo niliyokuwa naitumia miaka yote, na majivu, kwa sababu dhahabu ni laini na vyote viwili vinaikwaruza. Na kila nikianza kupika, niivue. Alichukua faranga kidogo sana na akakataa nyingine.

Nilitaka kumalizia hapo: msiende kule, nendeni Kadutu. Lakini juzi yule kijana alinisimamisha njiani karibu na Place Mulamba. Sikumtambua bila aproni. Aliniita yaya, akainama. Akasema amekuwa akiniwaza, kwamba alipoona ufa aliogopa kukatwa mshahara, ndiyo maana akasema yale ya chupa. Kwamba kwenye lile duka wanafundishwa kuchoma na kung'arisha, mawe hawafundishwi, na mwenye duka akiona mteja anaulizwa maswali mengi anasema wanapoteza wakati. Hakuniomba chochote.

Sijui nifanye nini na maneno yale. Nilikuwa nimeshamhukumu, na hukumu ile ilinisaidia kulala. Namwona sasa ni mtoto aliyepewa moto kabla ya kupewa akili ya kuutumia. Hapana, bado alinicheka. Hapana, wenzake ndio waliocheka, yeye alikuwa anatazama chini, sasa nakumbuka. Aliyesema “lipa tano” ni yule mwingine, na yule hajanitafuta. Kwa hiyo kama mtauliza, kijana nimemsamehe, au nitamsamehe. Duka, hapana. Wala hata mkufu wa bati sitawapelekea.

Pete za ndoa tumeshaagiza kwa mzee. Mama mkwe bado hajauona ufa. Siku ya dot alinishika mkono, akalitazama jiwe, akasema limerudi kama siku ile liliponunuliwa, nami nikageuza kidole lisishike mwanga. Jumapili anakuja kula kwetu. Nitaivua, nimpe mkononi, nimsogeze dirishani.