Kisomaji cha vitabu kwa tunaosomesha nyumbani: nimekinunua mara mbili

Kisomaji chetu cha kwanza cha vitabu vya kielektroniki kilikufa kwa kukaliwa. Mwanangu wa kati alikisahau kwenye kochi, akarudi mbio, akajibwaga juu yake. Kwa nje hakikuwa na hata mkwaruzo, lakini nusu ya chini ya skrini iliganda ikawa mistari mitupu, na hapo ndipo nilipojua kwamba nyuma ya ule uso wake unaofanana na karatasi mna kioo chembamba sana. Tulikaa miezi miwili bila kununua kingine. Miezi hiyo miwili ndiyo iliyonijibu swali ninaloulizwa na karibu kila mzazi anayeanza kusomesha watoto wake nyumbani: kifaa hiki kina maana, au ni mbwembwe tu?

Kwenye hisabati hakuna aliyekikumbuka. Kwenye sayansi vilevile. Lakini jioni ya pili tu, binti yangu wa miaka 12 alikuja akasimama mlangoni: "Mama, sasa ile hadithi ndiyo basi?" Tulikuwa tumeiachia katikati ya sura.

Niseme kwanza ni kitu gani, maana wengi hukichanganya na kishikwambi. Skrini yake hutumia wino wa kielektroniki. Ndani yake mna vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeusi na nyeupe; umeme ukiamuru, nyeusi hupanda juu na nyeupe huzama, au kinyume chake, na herufi zinajichora. Ugunduzi huu ulitoka kwenye maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, na kampuni ya E Ink ikaundwa mwaka 1997 kuuendeleza. Ukurasa ukishachorwa unabaki hivyo bila kula umeme mpaka ufungue mwingine, ndiyo maana chaji moja hukaa wiki kadhaa. Taa nayo humulika skrini kutokea ukingoni; haimulikii macho ya mtoto. Juani unasoma kama unavyosoma gazeti.

Zaidi ya kusoma, hakifanyi jambo la maana. Watu huitaja hiyo kama kasoro. Kwangu ndiyo sifa ya kwanza. Kivinjari cha intaneti kimo, ila kinajikongoja kiasi kwamba hata kijana wangu alikata tamaa nacho kabla sijakifunga kwa nywila pamoja na duka la vitabu. Mtoto akikishika, ama asome, ama akiweke chini.

Kilichonisukuma kununua ni printa. Mtandaoni kuna vitabu vingi vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, peke yake ina zaidi ya 70,000, vyote bure. Nilikuwa navichapa sura kwa sura, natoboa karatasi, nafunga kwa uzi, na kila mara wino ulikwisha kabla ya hadithi. Kwenye kisomaji, kitabu kizima kinaingia kabla sijamaliza kutafuta kitoboleo.

Hapa lakini niwe mkweli kwa wenzangu tunaosomesha kwa Kiswahili. Hazina hiyo ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa mno. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za watoto za bure, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na tumezitumia sana. Riwaya za Kiswahili tunazozipenda bado tunazisoma kwenye karatasi, nyingine hazina hata jalada. Mtu akikuambia kisomaji kitaondoa kabati la vitabu, muulize anasomesha kwa lugha gani.

Kamusi nayo ni hivyo hivyo. Kwenye kitabu cha Kiingereza mtoto anagusa neno, maana inatokea, na neno linahifadhiwa kwenye orodha. Orodha hiyo ndiyo imla yangu ya Ijumaa. Sijatunga zoezi la msamiati muda mrefu sasa. Wakisoma Kiswahili, changu hakina kamusi hiyo, basi wanainuka kufuata ile nene ya mezani huku wananung'unika.

Aliyefaidika zaidi si yule niliyemnunulia. Nilimnunulia binti, ambaye humeza vitabu kama anafukuzwa. Lakini mdogo wake wa miaka 9, huyu huyu mkaliaji, ndiye niliyemwona akibadilika. Kusoma kwake ni kwa shida. Nilimkuzia herufi, nikaachanisha mistari, ukurasa ukabaki na maneno kama 60 tu. Kuna fonti iitwayo OpenDyslexic, iliyobuniwa kwa wanaopata shida ya kusoma, ambayo nayo tuliijaribu, haikuleta tofauti yoyote kwake. Ile nafasi ndiyo iliyomsaidia. Na kuna jambo ambalo sikulifikiria kabisa: kisomaji hakina jalada la nje. Alikuwa anasoma vitabu vya watoto wadogo kuliko yeye, na dada yake hakujua. Alimaliza kitabu cha kwanza maishani mwake ndani ya siku nne, akakificha kifaa chini ya mto nisimwombe anisimulie.

Kitindamimba, miaka 6, hana chake humo. Vitabu vyake ni picha, na picha zinatoka kijivu. Alimwona kasuku wa kijivu akaniuliza kama anaumwa. Visomaji vya rangi vipo; nilivyovishika mimi rangi zimepauka, na ukali wa rangi kwa kawaida ni nukta 150 kwa inchi wakati maandishi meusi yanapata 300. Kwa mtoto wa umri huo, maktaba na vitabu vya kuazima.

Vitabu vya kiada ndipo kifaa kinapoaibika. Vingi huja kama PDF zilizopangwa kwa karatasi ya A4, na skrini yetu ni ya inchi 6. Maandishi yanakuwa sisimizi. Ukikuza, unaanza kuusukuma ukurasa kushoto na kulia, mara mchoro umekatika, jedwali limebaki nusu. Faili za EPUB, zilizotengenezwa mahsusi kwa vitabu vya kielektroniki, hujipanga upya kulingana na skrini. PDF hazijui hilo. Nilijaribu kugeuza kitabu cha aljebra kwa programu ya Calibre, ambayo ni ya bure na kwa hadithi ni nzuri ajabu, nikapata vipeo vimeshuka kuwa namba za kawaida: x² imekuwa x2. Mtoto alikokotoa hivyo ukurasa mzima kabla sijagundua. Tena hesabu inataka kurukaruka: swali hapa, mfano kule, majibu nyuma. Kidole kwenye karatasi kinashinda. Visomaji vya inchi 10 vyenye kalamu hupunguza tatizo hili, ila bei inaruka sana, na kwa fedha hiyo ningechapisha vitabu vya kiada vya miaka mingi.

Jambo la kuangalia kabla ya kulipia vitabu: mara nyingi unalipia ruhusa ya kusoma, kitabu chenyewe si chako. Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya ya 1984 ya George Orwell kutoka kwenye Kindle, yaani visomaji vyake, za wateja waliokwisha kulipa, baada ya kugundulika kwamba muuzaji hakuwa na haki nazo. Walirudishiwa pesa, lakini kitabu kilitoweka. Ninapoweza, nanunua faili lisilo na kufuli na naweka nakala kwenye kompyuta.

Kwa hiyo baada ya miezi miwili nilinunua kingine, kimoja tu, kilichotumika, chenye kifuniko kigumu. Hadithi za jioni zimerudi. Kama una mtoto anayesoma kuliko uwezo wako wa kumtafutia vitabu, au anayeona haya kusoma, nunua. Kama unatafuta mahali pa kuweka mtaala, achana nacho, rekebisha printa.

Juzi nilipokiunganisha na kompyuta nilifungua faili linalohifadhi mistari wanayoiwekea alama. Ya binti ilikuwa mingi, nikaipita. Wa kijana ulikuwa mmoja, mahali ambapo mbwa wa kwenye hadithi anapatikana, na ameuwekea alama mara tatu.