Tahadhari kwa wanunuzi wa tela za trekta zilizotumika, Mbeya na Mbarali

Ndugu wakulima na wasafirishaji, nawaomba mjihadhari na muuzaji mmoja wa hapa Mbeya anayenadi tela za trekta zilizotumika kwa maelezo kwamba chesisi zake zimeongezewa chuma kigumu na kwamba hazitakatika kamwe. Nilinunua kwake tela ya tani 5 kwa ajili ya kusomba mpunga Usangu. Haikumaliza miezi minne. Boriti ya chesisi ilipasuka ikiwa na magunia 40 tu.

Tulipokwangua rangi tulikuta puti, chini ya puti kiraka cha bamba kilichochomelewa kukatisha upana wa boriti, tena upande wa chini, ambao ndio unaovutwa kila tela inapoingia shimoni, na chini ya kiraka hicho ufa wa zamani uliofichwa bila kutibiwa.

Lile neno "chuma kigumu" ndilo lililoninasa. Ni kweli kwamba chuma cha namna hiyo hubeba mzigo mkubwa uliotulia, lakini kikishachomelewa, mshono wake hauvumilii mzigo wa kurudiarudia zaidi ya mshono wa chuma cha kawaida, kwa kuwa ukingoni mwake hubaki kasoro ndogondogo ambamo ufa huanzia mapema na kusogea kidogo kwa kila mtikisiko. Mkazo wa kila mtikisiko ukiongezeka maradufu, idadi ya mitikisiko ambayo mshono utahimili hushuka hadi karibu moja ya nane, kwa hiyo ahadi ya "kamwe" haina msingi, hasa kwa njia zetu za mashambani.

Muuzaji alinijibu kwamba kiraka ni nyongeza tu isiyo na madhara. Lakini hata mshono mdogo unaweza kuanzisha ufa mkubwa: mwaka 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland, lililokuwa makazi ya wafanyakazi wa mafuta baharini, lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini na watu 123 wakafa, na ufa ulioliangusha ulianzia kwenye mshono wa milimita 6 uliofungia kishikizo cha chombo kidogo tu.

Kabla ya kulipa, ombeni ruhusa ya kukwangua rangi kwenye mishono ya chini. Pakeni mafuta ya taa, subirini kama robo saa, futeni hadi pakauke, kisha nyunyizeni unga wa chaki. Penye ufa patajichora mstari wa unyevu. Mimi nilipoomba kufanya hivyo kwa tela nyingine mbili zilizopo kwake, zenye viraka mahali palepale na rangi mpya, alinifukuza, na fedha zangu hajarudisha kwa madai kwamba nilizidisha mzigo.