Viti vya bure vya Muny: tulikwenda na bibi, tukarudi tena

Nilikaa St. Louis, jimbo la Missouri, Marekani, miaka mitano bila kujua kwamba pale kwenye bustani ya Forest Park kuna ukumbi wa wazi wa michezo ya kuigiza yenye nyimbo unaoitwa Muny, wenye viti 11,000 hivi, na kwamba kila usiku wa onyesho viti karibu 1,500 vya nyuma kabisa ni bure. Si bure ya kujiandikisha mtandaoni halafu wakuombe namba ya kadi ya benki. Unapanga foleni, saa moja jioni geti linafunguliwa, unaingia na kukaa. Mwenzangu wa zamu ya usiku aliponiambia nilidhani ananitania. Nchi hii hata hewa ya kujaza tairi unalipia.

Hapo ilikuwa Julai 2021. Ninafanya kazi ya kufua katika nyumba ya wazee, na aliyefanya kazi mahali kama pale mwaka 2020, wakati wa korona, hahitaji kuelezwa. Nikirudi asubuhi nilikuwa navua nguo kwenye korido, naoga, ndipo nasalimia watoto. Watoto wenyewe wanasoma kwa kompyuta mezani, mama mkwe kajifungia chumbani na redio. Mwaka ule Muny nao hawakufungua, mara ya kwanza katika zaidi ya miaka mia moja, wakawa wanarusha vipindi vya nyimbo Jumatatu usiku kwenye YouTube. Binti yangu alivitazama vyote kwenye simu, chini ya shuka. Nilikuja kujua baadaye, nilipoona anajua nyimbo ambazo hakuna mtu nyumbani aliwahi kuziimba.

Basi Agosti 2021 tukaamua. Delta, aina ile ya korona iliyosambaa kwa kasi, ilikuwa imeshika Missouri mapema, na wadogo wetu wawili walikuwa chini ya miaka 12, chanjo yao bado haijaruhusiwa. Sinema ya ndani nisingewapeleka. Lakini ukumbi usio na paa, upepo unapita, nikasema haya, barakoa mfukoni, twende.

Onyesho lilikuwa The Sound of Music. Kwa asiyelijua: Austria kabla tu ya Vita vya Pili vya Dunia, msichana wa utawani anatumwa kulea watoto saba wa kapteni mfiwa, anawafundisha kuimba, mwishowe familia nzima inawatoroka Wanazi kwa miguu.

Tulifika saa kumi na mbili jioni, joto lile la St. Louis linalokaa shingoni kama taulo lenye maji. Watu wametandika mablanketi kwenye nyasi, wanakula jibini na zabibu. Sisi tukatandika kitenge. Mama mkwe alikuwa amebeba ugali, sombe (kisamvu) na ndagala (dagaa) za kukaanga, na alipofungua kile kibakuli mbwa wa jirani akasimama, akaacha kumsikiliza mwenyewe. Binti akaona haya, akasogea mbali kidogo kama vile hatujui. Dakika kumi baadaye njaa ilimrudisha.

Kwenye foleni mbele yetu alikuwepo mama mmoja Mzungu, mtu mzima, kiti chake cha kukunja mkononi na darubini shingoni. Akaniambia anakuja viti vya bure tangu akiwa mtoto. Ushauri wake nawapa kama ulivyo: geti likifunguliwa msikimbilie pembeni kwa kuwa ni karibu, nendeni katikati. Pembeni utaona nusu ya jukwaa na bega la mtu.

Sasa nisiwadanganye. Viti vya bure viko mbali. Kutoka pale mwigizaji ana ukubwa wa kidole gumba, na sura yake huioni, utamjua kwa rangi ya gauni. Ila sauti inafika safi, kila neno, na jukwaa ni kubwa ajabu: lina sehemu inayozunguka, nyumba nzima inageuka mbele yako ikawa bustani. Nyuma yake kuna miti halisi. Onyesho linaanza saa mbili na robo, mwanga bado upo, kwa hiyo mwanzoni unaona kila kitu kimekauka kidogo, kama harusi mchana. Halafu giza linaingia polepole, taa zinashika, nyenje wa kwenye miti wanaanza kupiga kelele, na hapo ndipo nilipoacha kuhesabu saa nilizobakiza kabla ya kuamka.

Kabla ya kuanza wanaimba wimbo wa taifa, watu wote wanasimama. Mama mkwe alisimama wa kwanza. Alikuwa anajiandaa na mtihani wa uraia, maswali 100, na sisi sote nyumbani tulikuwa tumeyakariri kwa kumsikiliza jikoni. Akaniinamia sikioni: "Namba tisini na nane." Na kweli, swali la 98 ndilo lililokuwa likiuliza jina la wimbo wa taifa.

Kiingereza chake hakitoshi kufuata mchezo, kwa hiyo binti ndiye alikuwa mkalimani, kwa Kiswahili chake cha kuazima azima. "Huyu ni masista lakini hataki tena kuwa masista." "Huyu baba anaita watoto na filimbi." Hapo baba watoto alicheka mpaka watu wakageuka. (Jumapili yake alitafuta filimbi kweli. Nimeificha.) Masista walipoimba Kilatini, mama mkwe hakuhitaji mkalimani. Alipiga ishara ya msalaba, akafuata maneno kwa midomo.

Ikafika mwisho. Wanajeshi wanawatafuta, familia imejificha kwenye bustani ya watawa, tochi zinapita huku na huku. Uwanja wote kimya, nyenje tu. Nilimtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni, kwa sababu huyu ni mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku, kutoka upande wa Uvira, Kongo, na watoto wanne, baba watoto akiwa mmoja wao, na baada ya hapo akakaa miaka ishirini kasoro kidogo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Nikafikiri, nimekosea kumleta. Nikamshika mkono. Yeye macho mbele, anatazama wale watu wadogo kama vidole wanavyopanda mlima na vifurushi vyao viwili.

"Banapanda mulima na batoto saba," akasema, si kwa kunong'ona, "bila hata sufuria moja?"

Akaendelea. Chumvi iko wapi? Huyo mdogo wa mwisho amevaa nini miguuni? Huyo mama wa kambo ni msichana, hajui, lakini kapteni mzima, mwanajeshi, anatoka usiku na familia hajabeba unga! Yule mama mwenye darubini akataka kujua amesema nini, binti akamtafsiria, na yeye akafikiri kidogo, akajibu kwamba ameliona onyesho hilo mara nyingi na hajawahi kujiuliza. Njia nzima ya kwenda kwenye gari mama mkwe alikuwa anawapangia safari yao upya.

Mwisho wa mwezi tulirudi, kuona On Your Feet!, maisha ya Gloria Estefan, mwimbaji mzaliwa wa Kuba. Hii sitaieleza sana kwa sababu sikukaa chini vya kutosha kuitazama. Kwetu Kongo rumba ilirudi nyumbani ndani ya sahani za santuri za Kuba, na ngoma zilipoanza baba watoto alishika kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Watoto walicheza kwenye kijia mpaka wa mwisho akalala sakafuni juu ya kitenge.

Mkitaka kwenda: fikeni lisaa lizima kabla ya geti kufunguliwa, leteni darubini hata ya kuchezea, na dawa ya mbu, sisi tulisahau na mguu wangu wa kushoto ulilipa. Mtoto wa chini ya miaka minne atachoka. Onyesho linachukua karibu masaa matatu na kurudi nyumbani ni usiku mkubwa. Viti vya kulipia sijavikalia, siwezi kuvisemea.

Safari ile ya pili mama mkwe alikuja na sufuria. Tulikula wali na maharage kwenye nyasi, na wakati wa kurudi ilikuwa mapajani mwake, tupu, imefungwa ndani ya kitenge, naye amelala huku ameishika mfuniko.