Vipande 42 vya Mfarishi: Uzoefu Wangu na Kifurushi cha Vitambaa Vilivyokatwa Tayari

Kwa miaka mingi nilinunua kitambaa cha kushonea mifarishi, yaani matandiko ya vipande vilivyoungwa upande wa juu na kuwekewa bitana nyuma, kwa mita, nikikatiwa kutoka kwenye jora, na masalio nikayatunza kapuni kwa kazi nyingine. Bei ilipopanda mfululizo hadi nikawa nasimama mbele ya jora nikipiga hesabu badala ya kuchagua rangi, niliamua kujaribu kifurushi cha vipande vilivyokatwa kiwandani: miraba 42 ya inchi 10 kwa 10, yote ya toleo moja la michoro, imefungwa kwa utepe. Muuzaji alikinadi kuwa njia ya kubana matumizi. Nimekitumia chote, mfarishi umekwisha, na sasa naweza kusema kilichonifaa na kilichonikwaza.

Kitambaa chenyewe sikilaumu. Ni pamba tupu, mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana) vimeshikana vizuri, na hakikuvutika kilipopita chini ya mguu wa cherehani. Michoro pia inapendeza. Kwa kawaida kila rangi ya mchoro huhitaji kiunzi chake cha kuchapia, ndiyo maana kitambaa chenye rangi nyingi huwa ghali. Hivyo kupata michoro mingi ya namna hiyo bila kununua mita nzima ya kila mmoja ni faida ya kweli, hasa kwa mtu ambaye bado hajazoea kuoanisha rangi.

Shida yangu ni hesabu. Miraba 42 ya inchi 10 ukiipanga chini haifiki hata mita mbili na nusu za kitambaa cha upana wa sentimita 110, nami nilikuwa nimelipa karibu theluthi moja zaidi ya bei ya mita hizo za kitambaa cha daraja lilelile. Mshono nao unadai haki yake: robo inchi kila upande hupunguza mraba wa inchi 10 kuwa inchi 9 na nusu, yaani karibu asilimia 10 ya kitambaa huzama ndani. Anayenunua miraba ya inchi 5 hupoteza asilimia 19 kwa njia hiyohiyo, na mwenye miraba ya inchi mbili na nusu hupoteza zaidi ya theluthi.

Tena hiyo ni sehemu ya juu peke yake. Nilipopanga safu 7 za miraba sita sita nilipata mfarishi wa takriban sentimita 145 kwa 169, ambao bitana yake ya nyuma, pamoja na ziada ya kushikilia kingo wakati wa kushona, ilihitaji takriban mita 3.3, na mkanda wa kuzungushia ukingo karibu nusu mita. Kwa maneno mengine, kifurushi kilichotangazwa kwa picha ya mfarishi uliokamilika kilibeba chini ya nusu ya kitambaa kinachohitajika, na neno hilo halikuandikwa popote kwenye maelezo. Bitana nikaitoa kwenye shuka kuukuu. Iliokoa fedha, lakini shuka ile ilifumwa kwa kubana sana, nikavunja sindano mbili nikiishona kwa mkono.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na kikaratasi kilichoeleza kuwa bei imepanda kwa sababu ya pamba. Pamba ghafi huruka bei kweli, kama ilivyotokea mwaka 2011 baada ya mafuriko ya Pakistani ya mwaka uliotangulia na India kubana mauzo yake ya nje. Hata hivyo, kati ya shamba na meza yangu kuna kusokota, kufuma, kupausha, kuchapa, kusafirisha na faida ya kila mkono uliopitiwa. Pamba ni sehemu ndogo ya mzigo huo.

Kasoro iliyonikera zaidi ilikuwa mraba mwekundu. Vipande vya aina hii havifai kufuliwa kabla ya kushonwa, kwa kuwa kingo hufumuka na kila kipande hurudi kwa kiasi chake, kwa hiyo huna nafasi ya kutoa rangi ya ziada mapema. Nilisugua kila mraba kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, na huo mwekundu ukaacha alama ya waridi papo hapo. Nilipomwandikia muuzaji, nilijibiwa kwamba toleo lile halichapwi tena na vipande haviuzwi kimoja kimoja. Kama ningependa, ninunue kifurushi kingine. Nikakata mraba kwenye mgongo wa shati la buluu lililochakaa kola, na upo pale safu ya nne, haufanani na jirani yake yeyote.

Wenzangu wa sindano nao wamebadilika. Tunabadilishana hata masalio madogo ambayo zamani tungeyatupa, na mmoja wetu aliyekuwa akishona mifarishi ya kitanda kikubwa sasa anashona foronya tu. Linalonisikitisha zaidi ni wanaoanza: kukata vibaya ndiko kulikotufundisha sisi, na leo anayejifunza anaogopa kuanza kukata.

Nakipa kifurushi nyota 3 kati ya 5, zote za kitambaa na michoro. Kwa mfarishi mzima sitakinunua tena. Nitanunua mita chache za rangi moja kwa ajili ya nafasi kubwa, nichukue kifurushi kidogo kwa mapambo, na kabla ya kulipa nitauliza bitana inatoka wapi.