Ziara ya hadithi za mlima, Marangu: nendeni, ila mwombeni mzee awepo

Jumamosi niliwapeleka wanangu wawili kwenye ziara ya utamaduni huko Marangu. Nimelipa shilingi 25,000 kwa mkubwa, watoto nusu, chakula humo humo. Mimi ni mzaliwa wa Kilema, naishi Arusha, na wanangu Kichagga wanakisikia misibani tu.

Kijana aliyetuongoza alianza na Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro. Kwake ni ndugu wawili: Mawenzi mvivu, moto unamzimikia kila mara, anakwenda kuomba kaa kwa Kibo, hadi Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka vile. Nikamwambia, kaka, bibi yangu alisimulia kwamba ni wake wenza, na Mawenzi alikuwa akiomba chakula pia. Hakunibishia. Alimwita mzee aliyekuwa anakata majani ya mgomba pembeni. Tukamwamkia, akaitika, akaweka panga chini. "Mwanangu, kwetu tuliambiwa ni majirani. Lakini mchi upo kote."

Hapo ndipo ziara ilipopata uzito. Kijana akatusimulia jinsi Ruwa, Mungu kwa Kichagga, alivyowapa watu wa kwanza shamba la migomba na kuwakataza kiazi kikuu kimoja tu. Binti yangu akadakia: "Si Adamu na Hawa hao?" Nilipenda jibu alilopewa. Kijana alisema hadithi hiyo imo katika kitabu cha Mwingereza Charles Dundas cha mwaka 1924, na wakati huo wamisionari walishakaa mlimani karibu miaka 40. Kwa hiyo wazee waliomsimulia huenda walikuwa nayo tangu zamani, huenda waliichanganya na ya kanisani, na yeye hawezi kuapa. Waongozaji wengi wangesema "hii ni ya kale" na kupita.

Nilimkumbuka bibi. Alishika rozari akimwita Mungu Ruwa, jina ambalo Kichagga kinaliita pia jua. Sikumbuki kumwona akihangaika na hilo hata siku moja.

Mtori ulikuwa mzito, wa moto, nyama ya kutosha. Mapango tuliyopelekwa, hapana. Aliyetupokea kule alikuwa mwingine, alitukimbiza dakika 10, na mabango yote ni ya Kiingereza. Mwanangu wa darasa la pili alisimama mbele ya bango akiangalia picha tu. Hili limeniuma, maana ni hadithi za babu zake.

Kwenye daladala ya kurudi Moshi mdogo alimsimulia abiria wa jirani: Mawenzi alikwenda kuomba kiberiti. Nilitaka kumsahihisha, nikaacha, maana mchi hakuusahau.

Ukitaka kwenda, piga simu siku moja kabla, uulize kama mzee atakuwepo. Asipokuwepo, ahirisha.