Maua ya Vyungu kwa Nyumba za Pwani, Kuanzia Linalofaa Zaidi

Mnunuzi wa ua la chungu kwa kawaida huvutwa na maua aliyoyakuta yamechanua siku ile, ilhali jambo la kupima ni kama mmea huo utachanua tena nyumbani kwake baada ya maua hayo kunyauka. Hicho ndicho kipimo nilichokitumia kupanga mimea mitano inayopatikana kwa wauza maua, nikizingatia nyumba za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako joto na unyevu havipungui sana mwaka mzima.

Nafasi ya kwanza naipa anturiamu bila kusita. Asili yake ni misitu ya Kolombia na Ekuado, yenye joto na unyevu unaokaribiana na wa pwani yetu. Kile tunachokiita ua jekundu ni jani lililobadilika rangi, na maua yenyewe ni vidoto vidogo mno vilivyojipanga kwenye kijiti cha katikati. Ndiyo maana rangi yake hudumu wiki sita au zaidi. Iweke penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja, na uipande katika mboji iliyochanganywa na vipande vya makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa vizuri ili chumvi itoke, kwa sababu udongo mzito wa bustani huozesha mizizi yake. Utomvu wake huwasha mdomo na koo, kwa hiyo mwenye watoto wadogo aiweke juu.

Ya pili ni adeniamu, waridi la jangwa, ila kwa mwenye roshani au baraza inayopata jua la saa sita kwa siku. Huu ni mmea wa nchi kavu za huku kwetu Afrika Mashariki, wenye shina nene linalohifadhi maji. Kabla ya kulipa, libonyeze shina: likiwa laini, limeanza kuoza ndani na halitapona. Fahamu pia kwamba utomvu wake ni sumu kali, iliyowahi kupakwa kwenye mishale ya kuwindia, basi nawa mikono baada ya kuupogoa.

Kalankoe, yenye asili ya Madagaska, naiweka ya tatu, ingawa kwa bei yake ndogo na wingi wa rangi zake ingestahili kupanda juu zaidi. Kikwazo chake ni kwamba huchanua kwa kufuata urefu wa usiku. Yangu ilikaa sebuleni karibu miaka miwili ikitoa majani matupu, nami nikadhani ina njaa ya mbolea. Usiku wetu wa pwani una takriban saa kumi na mbili za giza, na taa ikiwaka hadi saa nne usiku mmea hubakiwa na saa nane tu, kiasi kisichotosha. Tiba yake ni kuifunika kwa boksi lisilopenya mwanga kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi, kila siku kwa wiki sita, kisha kuiacha kwenye mwanga ikifanya matumba. Majani yake hutunza maji, hivyo subiri udongo ukauke kabla ya kumwagilia.

Inaniuma kuliweka ua la Usambara nafasi ya nne, kwa kuwa hili ni ua letu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alilikusanya huko Usambara, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina la Saintpaulia. Leo linapamba madirisha ya dunia nzima. Kwa mkazi wa Lushoto, Arusha au Nairobi ningeliweka la kwanza. Kwao asilia humea kivulini, kwenye miamba yenye unyevu, na nyumba nyingi za mijini pwani huliletea kinyume chake, yaani jua kali la alasiri au hewa kavu ya kiyoyozi. Anayelitaka aliweke kwenye dirisha la mashariki, na alimwagilie kwa chini: mimina kwenye kisahani, ngoja nusu saa, kisha umwage yaliyobaki, maana maji yakituama katikati ya majani huliozesha. Jani moja lenye kikonyo, likichomekwa kwenye mboji yenye unyevu, huzaa miche; ukiwa na jirani analo, omba jani badala ya kununua chungu.

Ya mwisho ni okidi aina ya Phalaenopsis, ambayo mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote. Maua yake hukaa miezi miwili hadi mitatu, lakini ili itoe shina jipya la maua huhitaji majuma kadhaa ya ubaridi kiasi, na pwani ubaridi huo huupata msimu wa kusi tu, kati ya Juni na Agosti, ikilazwa barazani kivulini. Nunua yenye mizizi migumu ya kijani au ya rangi ya fedha. Ya kahawia iliyo laini imekwisha kufa.

Kwa yoyote utakayochagua, pendelea mmea wenye matumba mengi kuliko maua yaliyofunguka, na upekue chini ya majani uone kama kuna vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba. Geuza chungu uhakikishe kina matundu, kwani vyungu vingi vya mapambo havina. Ukifika nyumbani, utenge mmea mpya mbali na mingine kwa wiki mbili, muda unaotosha kwa wadudu wengi waliojificha kuonekana.