Rivyu ya kibanda cha shosho nje ya hospitali: uji tano kwa tano, chapo tatu

Hii rivyu nimeikwepa karibu mwaka mzima ju sio rahisi kusifu chakula ulichokula ukiwa na uoga. Lakini juzi jirani wa ploti amelaza mamake, akaniuliza kama kuna mahali kule karibu mtu anaweza kula bila kuuza simu, na nikajipata nimeongea dakika ishirini kuhusu uji. Uji tu. Akaniangalia hivi. Sawa, wacha niandike mara moja nimalize.

Jina la hospitali sitaji, mnajua wale wa kubomoa vibanda pia huwa wanasoma. Jua tu ni moja kubwa hapa Nairobi. Toka geti ya wagonjwa wa nje, vuka barabara, pita watu wa smoki na wale wanauza slipa, beseni na vijiko (kila hospitali kubwa iko na hao, hakuna mtu hulazwa akiwa amejipanga), utaona mti wa jakaranda na chini yake mabati yamepakwa bluu. Kwa hayo mabati wameandika MUNGU NI UPENDO. Chini yake, na herufi kubwa kushinda hizo za kwanza, DENI KESHO. Hapo umefika.

Na mimi sio wale wa kula mahali mara moja halafu wanakuja kugawa nyota. Nimekula hapo siku ishirini na tano. Baba yangu alikua na kansa ya umio, ile watu wengi huita tu kansa ya koo, akapangiwa mionzi Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, Oktoba kuingia Novemba 2024. Tunatoka Kayole saa kumi na moja asubuhi, matatu mbili, baba amefunga shingo na skafu ya mathe, tunafika kabla laini haijakua ndefu. Ni ule msimu jakaranda zimechanua Nairobi yote, maua yanaanguka kila mahali, shosho akifunua sufuria unaona zambarau mbili tatu zimekwama kwa kifuniko. Sio lalamiko hio. Ama ni lalamiko kidogo.

Chakula sasa. Madondo poa sana, yamelainika mpaka ndani, mchuzi ni wa nyanya na dania, sio maji yamepakwa rangi. Ndengu sawa. Githeri ni Jumanne na Alhamisi na ukifika saa nane umekosa. Ovakado anakata kubwa. Chapo, aki shosho anisamehe, chapo anapika usiku nyumbani halafu asubuhi anapasha kwa jiko, ikifika kwako ukiikunja inavunjika kama kadi ya mwaliko. Nimeila hivyo hivyo siku ishirini na tano ju ilikua mbao (bob ishirini) na inashikilia tumbo mpaka jioni, lakini nyota tatu na hapo nimekua mpole. Chai ni ya maziwa mengi na tangawizi, tamu, ila inakuja ikiwa moto ya kuchoma ulimi, na hii ya moto nitairudia.

Sasa uji.

Siku ya kwanza baba hakua anataka kukaa. Shida ya umio ikiwa imeziba sio tu kwamba chakula hakipiti, ni kwamba kinarudi, na kinarudi mbele ya watu. Mzee alikua mtu wa kula na kelele, wa kuita wageni, na tangu Julai alikua ameacha kula mahali mtu anaweza kumuona. Nyumbani alikua anaingia na kikombe bedruum, anafunga mlango. Kwa hivyo hapo kwa kibanda alisimama kando ya mti akaniambia kula wewe, mimi niko sawa. Kilo alikua amepoteza sitaki hata kuziandika.

Shosho hakusema kitu. Hakuuliza ni mgonjwa wa nini, na nadhani kwa hio kona ameona wengi hadi anajua akiangalia tu vile mtu anameza mate. Alichukua uji wa wimbi akauchuja na chujio la chai, halafu akatoa kitambaa cheupe kwa karatasi, kimekunjwa, akauchuja tena. Akaweka maziwa na siagi. Halafu akachukua vikombe viwili akaanza kuumwaga kutoka hiki kwenda kile, juu chini, juu chini, taratibu, huku laini inangoja, kuna kijana wa boda anamwambia shosho nina abiria, yeye anamwaga tu. Akadondoshea tone kwa kiganja chake, vile mama hupima maziwa ya mtoto. Ndio akampelekea baba pale kwa mti.

"Mzee, kunywa polepole. Hapa hakuna gari inakungoja."

Ilichukua karibu dakika arobaini na alimaliza nusu kikombe. Ulirudi mara moja tu. Shosho alikua ameshaweka kopo karibu na mguu wake na akageuka kukata sukuma, hakuangalia.

Nikaenda kulipa. Akaniambia mgonjwa wa mionzi halipi uji. Mimi nikajiambia haya basi, shosho ako na roho safi, nikamwambia chapo na chai yangu aandike nitamlipa kesho, sina chenji. Hakujibu, alinyoosha mwiko tu akaonyesha mabati pale juu. Nikamwambia lakini shosho imeandikwa Mungu ni upendo.

"Mami, upendo ni wa Mungu. Unga ni wangu."

Baba akacheka. Alicheka akishika koo ju ilikua inamuuma kucheka. Nilienda kwa mtu wa M-Pesa nikatoa finje (bob hamsini) nikamletea.

Kesho yake tulipofika uji wa baba ulikua umeshachujwa, uko kwa kasufuria kake kadogo kamefunikwa na sahani. Hivyo hadi siku ya ishirini na tano. Hakuna siku alikosa na hakuna siku alitutangazia.

Naandika hii yote ju wiki ya pili mathe alikua amechoka na kuona mzee akikonda, akasikia kuna mtumishi fulani town, ghorofa ya nne, anaombea kansa. Tukaenda. Nyimbo zilikua nzuri, siwezi danganya, na mimi nilinyoosha mikono kama wengine. Halafu zikaja bei. Mafuta ya upako elfu moja na mia tano chupa ndogo, sadaka ya mbegu elfu tatu, namba ya kutuma iko kwa skrini kubwa kushinda hata maandiko. Akamwekea baba mkono akasema kwa maiki upendo wa Mungu unaponya, lakini mtu akiendelea na mionzi anaonyesha hajaamini. Mathe alituma. Baba akaniuliza kwa ngazi tukishuka, "kwani huyo alijua nina njaa?" Mionzi hatukuacha, na ukiwa na mgonjwa na mtu akuambie uache matibabu ndio Mungu afanye kazi, toka hapo na usichukue hata brosha.

Sisemi maombi ni bure. Mimi ni mtu wa kanisa. Nasema tu kwamba wote wawili, yule wa maiki na huyu wa mwiko, wana maneno yale yale ukutani, na nimeona kila mmoja anayafanyia nini saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kuna sista mmoja wa wodi hua anakunywa chai hapo kabla ya shifti, ndio alinipa lugha ya hii kitu. Aliniuliza baba anapenda chai vipi. Nikamwambia ikitoka motoni, alikua anajigamba nayo, anakunywa kikombe kizima wengine wakiwa bado wanapuliza. Akatikisa kichwa akaniambia 2016 watu wa utafiti wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya moto sana, vya kupita digrii 65, kwa ile orodha ya vitu ambavyo huenda vinaleta kansa, na ni hii ya umio hasa. Huenda, alisisitiza, sio kwamba chai ndio ilimuua mtu. Nikaangalia shosho na vikombe vyake viwili. Yeye hajui digrii, anajua kiganja. (Lakini mbona anatupea sisi wazima ikiwa inachemka? Nilimuuliza. Akasema watu wa kukimbia hukasirika ikipoa. Nyota moja nimetoa hapo.)

Huyo sista pia ndio alinielezea kuhusu Cicely Saunders wa Uingereza, mwanamke alianza kama nesi, mgongo ukamharibikia akageuka kua mtu wa ustawi wa jamii hospitalini, halafu akarudi shule akiwa mtu mzima akawa daktari, yote ju ya watu wenye wanakufa na maumivu na madaktari wameshapita kitanda chao. Alikua Mkristo wa kweli kweli na hakuona imani inagombana na mofini, ile dawa ya maumivu makali. Yeye ndio alisema maumivu ya mtu kama huyo ni ya mwili, ya akili, ya familia na pesa, na ya roho, yote yamesukwa pamoja, ukitibu moja tu umeacha mtu njiani. Kulikua na mgonjwa wake kutoka Poland alikufa 1948 akamwachia pauni 500, akamwambia atakua dirisha kwa nyumba yake, ile alikua anaota kujengea watu wanaokufa. Nyumba yenyewe ilifunguliwa London 1967, ikaitwa St Christopher's, na ndio hospisi za kisasa (mahali pa kutunza watu wenye ugonjwa hauponi) zilichukua mfano hapo. Hapa kwetu Nairobi Hospice iko tangu 1990, na mimi nimeishi hili jiji maisha yangu yote bila kujua. Uliza daktari wako mapema, usingoje hadi mwisho ndio usikie kuna watu kazi yao ni maumivu.

Kansa ya baba haikuenda, niseme wazi ndio mtu asikimbie huko na chupa akidhani uji ni dawa. Mionzi ilifungua njia kidogo, akaweza hata mukimo laini siku za mwisho mwisho. Lakini kufika wiki ya tatu mzee alikua hakai tena kwa mti. Alikua anakaa benchi, katikati, kati ya konda na mama wa kuuza slipa, kikombe mkononi, anabishana siasa na watu hajui majina, kikirudi anainama kwa kopo, anapangusa mdomo, anamalizia pointi yake. Mathe alikuja siku moja akamkuta hivyo. Alisimama ng'ambo ya barabara muda mrefu, nikadhani anaogopa magari.

Baba alipumzika Machi. Nilirudi mara moja tu, kurudisha kasufuria, ju siku ya mwisho shosho alitubebesha na uji wa njiani. Aliniona niko peke yangu, akajua. Akaniambia keti. Akanipea chai, na kabla anipee akaimwaga kikombe kwa kikombe hadi ikapoa. Nilipotaka kulipa alichukua pesa, akahesabu chenji, akanipea.

Mambo ya kujua kama unaenda: anafungua saa kumi na moja na nusu, Jumapili hapana. Saa saba usijaribu, watu wa hospitali wote wako hapo. M-Pesa ni namba ya mjukuu na mjukuu ako shule, kwa hivyo beba keshi. Mgonjwa akiwa na shida ya kumeza sema mapema ndio achuje, na bebeni flaski yenu. Choo hakuna. Chapo nunua kwingine.